Hindi Jekundu la Ermelinda

Upepo uliuangusha mnara wa simu kule juu ya kilima, wakubwa wakaja na gari jeupe, wakauzunguka, wakaupiga picha, wakashuka zao. Hiyo ilikuwa mwezi wa nane. Sasa mahindi yamekauka, zabibu zimeshakamuliwa, na mnara bado umelala kwenye magugu kama punda aliyekufa. Belmiro aliupita kila asubuhi akienda kwa mbuzi wake, na kila asubuhi aliutemea mate. Si kwamba alikuwa na haja na simu. Aliutemea kwa ajili ya wale walioahidi.

Leo hakuutemea. Leo alirudi nyumbani upesi, kwa sababu mwanawe Rogério alikuwa anakuja.

Habari hiyo aliipata kwa mwuza mkate, ambaye tangu mnara uanguke alikuwa ndiye posta, ndiye redio na ndiye gazeti la kijiji kizima. "Mkwe wako Sílvia anasema Jumamosi watakuja wote kumenya mahindi," alisema akimkabidhi mkate dirishani. "Wote watatu. Alilikazia sana hilo. Mumewe naye."

Mumewe naye. Belmiro alibaki njiani na mkate wake mkononi hadi gari likapotea kwenye kona.

Mwanawe alikuwa hajakanyaga nyumba ile tangu mwezi wa pili, siku waliyomzika mkewe Ermelinda. Zahanati ya bondeni ilikuwa imefungwa, wakubwa walisema haina wagonjwa wa kutosha, kana kwamba watu wanatakiwa waugue kwa zamu ili mlango ubaki wazi. Basi Ermelinda alipobanwa na kifua, gari la wagonjwa likatoka mjini, likapotea kwenye ukungu, likaja kufika wakati hakuna tena wa kumbeba. Na pale makaburini, watu bado wana udongo viganjani, Belmiro alimgeukia mwanawe aliyekuwa karani wa halmashauri, akamwambia mbele ya wote: "Nyinyi ndio mliomuua mama yako."

Alisema nyinyi. Alikuwa na maana ya ofisi, maana ya wakubwa, maana ya kila mwenye tai na muhuri. Lakini Rogério alikuwa amesimama pale peke yake, na tai alikuwa nayo. Alimshika mkono binti yake, akaenda kwenye gari. Tangu hapo Sílvia alimleta mtoto mara moja moja, na Rogério kila mara alikuwa na kazi mjini.

Kuomba radhi Belmiro hakukujua. Neno lenyewe lilikuwa halijawahi kupita kooni mwake, hata kwa Ermelinda, ambaye alikuwa ameshazoea kumsamehe bila kuombwa. Lakini kumenya mahindi kulikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa kubwa kuliko koo la mtu yeyote. Anayekutana na hindi jekundu katika rundo la mahindi ya njano, huyo amempata mfalme. Na aliyempata mfalme lazima azunguke amkumbatie kila aliyeketi pale, mmoja baada ya mwingine, na hakuna ruhusa ya kukataa. Belmiro alikuwa ameona watu waliofikishana mahakamani kwa ajili ya mfereji wa maji wakikumbatiana kwa sababu ya hindi.

Tatizo ni kwamba mwaka huu mfalme hakuwemo. Ermelinda ndiye aliyekuwa akipanda mstari wa mbegu yake mwenyewe kando ya ukuta, mbegu ya mama yake, na humo ndimo wafalme walimozaliwa. Mwezi wa tano Belmiro hakuwa na moyo wa kushika mbegu zile. Alipanda gunia la mbegu za ushirika, ambalo wakubwa wa ushirika walilisifu hadi wakakauka midomo, na yalichipua mahindi yanayofanana kama askari: njano, njano, njano hadi mwisho wa shamba.

Lakini juu ya jiko, kwenye moshi, lilining'inia moja. Ermelinda alilichagua mwaka jana. Alifunua maganda kidogo kwenye ncha akaona wekundu, akayarudisha, akalifunga kwa uzi wa sufu wa bluu ili wadudu wasiingie, akalitundika liwe mbegu.

Asubuhi ile Belmiro alipanda kwenye kiti, akalishusha. Akafungua uzi. Maganda yalikuwa makavu na meusi kwa moshi, mtoto mdogo angejua kwamba lile si la mwaka huu. Akalipeleka bombani akalisugua, akaliloweka kidogo lilainike, akalifuta kwa shati lake. Halafu akatoka nalo kwenye uwanja wa mawe mbele ya ghala, rundo la mahindi lilipokuwa limemwagwa, akalizika chini ya tabaka mbili tatu mbele ya kigoda cha miguu mitatu. Kigoda kile kilikuwa cha Rogério tangu alipokuwa hawezi kufunga viatu. Hakuwahi kukaa pengine.

"Nisamehe," Belmiro alisema, na hapo alikuwa anasema na Ermelinda, kwa sababu ya kumloweshea mbegu.

*

Walifika baada ya chakula cha mchana. Sílvia alimbusu mashavu yote mawili na kumpa sufuria ya supu ya mboga. Benedita, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na mbili na kurefuka kama mtu aliyevutwa, alishuka akiwa ameinua simu juu ya kichwa.

"Babu, hapa hakuna hata mstari mmoja."

"Waulize wakubwa."

Rogério alishuka mwisho. Alikuwa amevaa shati kuukuu la kazi, bila tai. "Shikamoo, baba," alisema, akiangalia mabuti yake.

"Marahaba," alisema Belmiro, akiangalia rundo.

Ikaishia hapo. Bahati nzuri Deolinda alikuwa ameshaingia uwanjani, dada yake Ermelinda, mwanamke mwenye goti bovu na ulimi mzima. Alikuwa amebeba kapu la soseji na mkate wa mahindi, na kwa mkono mwingine akamnyooshea Benedita kidole.

"Wewe mrefu. Simu hiyo, sandukuni."

"Sanduku gani, bibi?"

"La kusindikia nguruwe kwa chumvi. Sheria ya marehemu dada yangu. Siku ya kumenya mahindi, simu zinalala kwenye chumvi."

"Lakini hata mtandao haupo."

"Basi hutaumia. Na yako, Sílvia. Na ya karani."

Rogério alicheka kidogo, bila sauti, akaitoa mfukoni. Simu zote tatu zikaingia kwenye sanduku jikoni, mfuniko ukafungwa.

Belmiro alikuwa ameshika uma wa shambani, anajifanya kusawazisha rundo. Kwa pembe ya jicho alimwona mwanawe anakiendea kigoda. Akakishika. Akakiinua. Akakipeleka kwa Deolinda.

"Kaa hapa, mama mdogo. Hiki kifupi, goti lako litanyooka."

"Mungu akulipe. Umelelewa vizuri, sijui na nani," alisema Deolinda, akamtazama shemeji yake, akakaa. Rogério akaenda kukaa upande wa pili, juu ya gogo.

Mfalme alikuwa miguuni kwa Deolinda, na Deolinda akimpata atakumbatia watu wote kwa furaha hadi jua lizame, lakini haitasaidia kitu. Baba na mwana watabaki kila mmoja upande wake.

Wakaanza. Kila mmoja na kijiti chake cha ncha kali mkononi: unachoma ganda kwenye kilele, unalipasua, unavuta huku na huku, unavunja hindi kwenye shina lake, unalitupa kwenye kapu. Mwanzoni Benedita alimenya kama mtu anayefungua barua za mwalimu. Alitazama vidole vyake, akatazama mlango wa jikoni, akapumua.

"Tunamaliza saa ngapi?"

"Yakiisha," alisema Deolinda.

"Yakiisha ni saa ngapi?"

"Ni pale utakapokuwa hujui tena ni saa ngapi. Menya."

Belmiro aliinuka na uma wake. "Rundo limelalia upande mmoja," alisema. "Ngoja nilisogeze." Akachoma uma karibu na magoti ya Deolinda, akaanza kusukuma kuelekea kwenye gogo.

"Shemeji, unanichimba kaburi?"

"Nalisawazisha."

"Lilikuwa sawa. Una nini leo? Umeinuka na kukaa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Sílvia alicheka, na Benedita naye. Belmiro akarudi kukaa. Alikuwa amesogeza mahindi mengi, lakini lile lilibaki pale pale. Ncha yake aliiona, nyeusi kidogo, imechungulia kando ya kiatu cha Deolinda.

Jambo moja lilikuwa linatokea bila mtu kulipanga. Mikono ikishika kazi, vinywa vinafunguka. Deolinda alisimulia jinsi padre wa zamani alivyojificha nyuma ya ghala akibadilisha mahindi yake na ya wengine ili ampate mfalme, akampata mara mbili jioni moja, askofu akamhamisha. Sílvia akasema hayo ni ya kutunga. Deolinda akaapa kwa goti lake. Benedita akagundua nywele za mahindi, zile za kahawia zinazotoka kwenye ncha, akajibandika masharubu. Kisha akambandika mama yake. Kisha akamwendea Deolinda na ndevu nzima, na mwanamke yule akatulia kama mtu aliyekaa kwa kinyozi.

"Nafanana na nani?"

"Na mwenyekiti wa kijiji," alisema Rogério.

Belmiro alicheka kabla hajajizuia. Ilikuwa kweli. Ndevu zile zile, kidevu kile kile kilichoahidi barabara. Rogério alimtazama kwa ghafla, kana kwamba amesikia sauti kutoka chumba kilichokuwa kimefungwa, halafu wote wawili wakainamia mahindi yao.

Ndipo Deolinda akaliokota.

Belmiro aliona mkono unalishika. Aliona kijiti kinakaribia ncha. Kijiti kikasimama.

"Hili lina maji," alisema Deolinda. Akalibonyeza. Akalinusa. "Lina maji na linanuka moshi. Limeoza." Na bila kulifungua akalirusha juu ya bega lake, kwenye kapu la mabovu, lile la nguruwe na kuku.

Belmiro alibaki amekodoa macho. Hakuweza kuinuka akaliokote, kwani angesema analitafutia nini? Alikuwa amemsugua mfalme hadi akaonekana mzoga. Wakubwa wanaharibu zahanati na barabara na minara, akawaza, lakini hili ameliharibu yeye mwenyewe, kwa bomba lake mwenyewe. Likamkaa kifuani kama jiwe. Akaendelea kumenya. Njano. Njano. Njano.

Jua lilishuka kwenye miti ya misonobari, rundo nalo likashuka hadi mawe ya uwanja yakaonekana. Benedita alikuwa anashindana na mama yake nani atavua maganda bila kuyachana. Hakuwa ameuliza saa tena.

"Mwaka huu hakuna mfalme," alisema alipomenya la mwisho, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Bibi Ermelinda alisema kila mwaka yupo."

"Ni mbegu za ushirika," alisema Belmiro. "Wakubwa hawataki wafalme wengine."

Sílvia alianza kukung'uta sketi yake. Deolinda alisimama akiliegemea goti zima. Belmiro alijua sasa kitakachofuata: watakula, watashukuru, wataingia garini, na gari likipita ile kona, ndiyo basi. Mwakani Sílvia atasema ni mbali. Nyumba atabaki nayo yeye na mbuzi.

Lakini Rogério hakusimama. Alikuwa ameshalivuta kapu la mabovu katikati ya magoti yake. Hakuna aliyemwambia. Tangu mdogo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, mama yake hakuruhusu kitu kitupwe kabla hakijaangaliwa: lililooza lote kwa nguruwe, lililooza nusu livunjwe, nusu nzima irudi kapuni. Alikuwa anafanya tu, kama mtu anavyovua viatu mlangoni kwao. Akafungua la kwanza, la kuku. La pili, la nguruwe. Akachukua jingine, akalihisi lina unyevu, akalichana.

Mikono yake ikatulia.

Belmiro alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na aliona vyote viwili kwa wakati mmoja. Aliona punje, nyekundu kama mvinyo wa zamani. Na aliona, chini kabisa kwenye shina, pale ambapo maganda yalikuwa yamekunjamana, uzi wa bluu. Ermelinda alikuwa amelifunga mara mbili, juu na chini, na yeye alifungua wa juu tu.

Rogério alikuwa anautazama uzi ule. Katika kijiji kizima hakukuwa na mkono mwingine uliofunga mbegu kwa sufu ya bluu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia mahindi utotoni mama yake akifunga. Akageuza kichwa taratibu, akamtazama baba yake. Akatazama shati lake, ambalo kifuani lilikuwa bado na alama nyeusi ya masizi yaliyofutwa. Belmiro hakuwa na pa kukimbilia. Alisimama vile vile na uma wake, mzee aliyekamatwa.

"Nini?" alisema Deolinda. "Una nini, umeona panya?"

Kidole cha Rogério kikapita chini ya ganda. Uzi ukakatika, ukaingia mfukoni mwake, mwepesi kama haukuwahi kuwepo. Kisha akaliinua hindi juu.

"Mfalme," alisema.

Benedita alipiga kelele hadi mbuzi wakajibu. Deolinda akaja akichechemea, akalinyang'anya.

"Hili si ndilo nililolitupa mimi? Hili lilikuwa na maji. Maji ya wapi, na mvua haijanyesha? Na angalia lilivyo gumu, hili lina mwaka mzima."

"Umande, mama mdogo," alisema Rogério. "Lilikuwa chini kabisa."

"Umande wa moshi?"

"Mama mdogo. Utakataa kukumbatiwa?"

Deolinda alimtazama. Akamtazama shemeji yake, uma wake, masizi yake. Kitu kikapita usoni mwake nyuma ya zile ndevu za mahindi. "Sijakataa tangu nizaliwe," alisema, akafungua mikono.

Rogério alianza na yeye, akamwinua kidogo kutoka ardhini pamoja na goti. Akaenda kwa Sílvia, aliyekuwa tayari ana machozi na hakueleza kwa nini. Akaenda kwa Benedita, aliyesema "baba, unanichoma na kijiti," lakini hakumwachia upesi. Kisha akasimama mbele ya Belmiro.

"Sheria ni sheria," alisema.

"Ni sheria," alisema Belmiro. Akautupa uma.

Mwanawe alinukia maganda na jua. Belmiro hakukumbuka mabega yale kuwa mapana kiasi hicho. Alitaka kusema kitu, na koo likafunga kama lilivyozoea, likafunga, halafu likaachia kidogo.

"Lile neno la makaburini," alisema kwenye sikio la mwanawe. "Halikuwa lako. Lilikuwa la wakubwa."

"Na mimi natoka huko huko kwao, baba."

"Wewe? Wewe ni karani tu."

Alihisi kifua cha Rogério kinatikisika, akadhani analia, akaogopa. Kumbe anacheka. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kama mtu asiyejua aanze na lipi, na Belmiro akamshika kwa nguvu zaidi, na lile jiwe kifuani likateremka, likaenda zake huko mawe yanakokwenda.

"Ulilipeleka bombani?" Rogério alinong'ona.

"Nililipeleka."

"Mama angekuua."

"Najua."

*

Walikula nje, juu ya ukuta, soseji na supu na mkate, na mvinyo mpya uliokuwa bado unauma ulimi. Benedita alikula na masharubu. Deolinda alimsimulia tena habari za padre, safari hii askofu naye alikuwemo uwanjani. Mahindi yalipandishwa ghalani kabla giza halijaingia, wakashukuru, wakabusiana, wakaingia garini, na Belmiro akasimama mlangoni akitazama taa nyekundu zikiteremka hadi kwenye kona.

Zikasimama. Zikarudi nyuma.

"Simu," alisema Rogério akiingia jikoni. "Tumefika kule chini ndipo Sílvia akauliza. Hakuna aliyekuwa amezikumbuka. Hata Benedita."

Alifungua sanduku, akazitoa, akazipangusa chumvi kwenye suruali. Lakini hakuondoka. Alilichukua hindi jekundu kutoka mezani, akautoa ule uzi wa bluu mfukoni, akaunga pale ulipokatika. Akavuta maganda juu ya punje, akafunga chini, akafunga juu kwa ule uzi wa asubuhi uliobaki mezani, akapanda kwenye kiti na kulitundika kwenye moshi mahali pake.

"Mwezi wa tano," alisema akiwa bado juu ya kiti, "ule mstari wa mama unaanzia wapi?"

"Kwenye mti wa tini. Unafuata ukuta."

"Basi nisubiri. Usiupande peke yako."

"Nitakusubiri."

Rogério alishuka. Mlangoni akageuka kidogo. "Jumatatu nitauliza ofisini habari za mnara."

Belmiro alikuwa anachochea moto. Alifikiri kidogo.

"Waulize," alisema. "Lakini waambie wasijisumbue kuharakisha."